San Francisco Dons, msimu wa 1951

San Francisco Dons wa mwaka 1951 walikuwa timu ya futiboli ya Marekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo cha Kikatoliki kinachoendeshwa na Wajesuiti katika jimbo la California. Chini ya kocha Joe Kuharich, timu ilicheza mechi 9 na kushinda zote. Hata hivyo haikualikwa kwenye mchezo wowote mkubwa wa mwaka mpya, na msimu ulipokwisha chuo kiliifuta. Inakumbukwa hasa kwa sababu wachezaji wake walikataa kuwaacha nyuma wenzao wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler.

Kikosi

Kuharich, aliyewahi kuchezea Notre Dame, alichukua timu mwaka 1948. Chuo hakikuwa na fedha za kushindana na vyuo vikubwa vya Pwani ya Pasifiki, kwa hiyo alikusanya vijana wa mitaa ya jirani, askari waliorudi vitani na wanafunzi kutoka vyuo vya miaka miwili. Matson na Toler walitoka pamoja City College of San Francisco. Gino Marchetti, beki wa mstari wa mbele, alikuwa amepigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili kabla ya kuingia chuoni. Bob St. Clair alikuwa pandikizi la mtu, na mazoea yake ya kula nyama mbichi yaliwashangaza wenzake kwa miaka mingi. Ofisi ya habari za michezo ilikuwa mikononi mwa kijana Pete Rozelle.

Nyota asiye na mpinzani alikuwa Matson, mzaliwa wa Trinity, Texas. Alikuwa na mwili wa mtu wa kusukumana na mbio za mwanariadha wa mita 400, na wakati ule wachezaji wengi walicheza pande zote mbili, kushambulia na kulinda. Msimu huo alikimbia na mpira yadi 1,566 na kufunga mara 21, akaongoza nchi nzima kwa yadi na kwa pointi. Hata hivyo tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, ilikwenda kwa Dick Kazmaier wa Princeton.

Mechi

Msimu ulifunguliwa Septemba kwa ushindi wa 39–2 dhidi ya San Jose State, kisha Idaho ikafungwa 28–7 na timu ya wanajeshi wa Camp Pendleton 26–0. San Jose State walipokutana nao tena walichapwa 42–7.

Mechi iliyowatangaza ilichezwa New York dhidi ya Fordham. Dons walihitaji kuonekana na waandishi wa mashariki, ambao kura zao zilikuwa na uzito mkubwa katika kupanga timu bora. Matson aliwapa kitu cha kuandika: mara mbili aliupokea mpira wa kuanzia na kukimbia nao hadi kwenye mstari wa goli. Dons walishinda 32–26, na hiyo ndiyo mechi pekee ya msimu iliyowatoa jasho.

Baada ya hapo waliifunga timu ya wanamaji wa San Diego 26–7 na Santa Clara 26–7. Novemba, mjini Stockton, walikutana na College of the Pacific, timu nyingine iliyokuwa ikitazamia mwaliko wa mwaka mpya, na kuitandika 47–14. Walimaliza Pasadena kwa kuifunga Loyola 20–2. Katika orodha ya mwisho ya shirika la habari la AP waliwekwa nafasi ya 14, nafasi duni mno kwa timu ya namna hiyo. Hoja iliyotolewa ni kwamba wapinzani wao walikuwa dhaifu.

Suala la mwaliko

Michezo mikubwa ya mwaka mpya ilifanyika zaidi katika majimbo ya kusini, ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Kwa maelezo ambayo wachezaji waliyarudia maisha yao yote, baada ya ushindi wa Stockton waliarifiwa kwamba nafasi ya kucheza Orange Bowl, Miami, ingepatikana iwapo Matson na Toler wangebaki nyumbani. Hapakuwa na mjadala. Wazungu wa timu ile walijibu kwamba wataenda wote au hawaendi, ingawa mapato ya mchezo huo yangeweza kuiokoa timu yao.

Tarehe 1 Januari 1952 Georgia Tech iliifunga Baylor 17–14 katika Orange Bowl. Vyuo vyote viwili havikuwa vikipokea wanafunzi weusi wakati huo.

Kufutwa

Chuo kilikuwa kikipata hasara. Watazamaji wa uwanja wake wa nyumbani wa Kezar walikuwa wamehamia kwa timu ya 49ers, waliojiunga na ligi ya kulipwa ya NFL mwaka 1950. Loyola pia waliacha futiboli baada ya msimu huohuo, na Santa Clara mwaka uliofuata. Mchezo ulirudi baadaye kwa muda, katika ngazi ya chini.

Wachezaji baadaye

Matson alishinda medali ya shaba ya mita 400 na ya fedha ya kupokezana vijiti katika Olimpiki ya Helsinki 1952, kisha akachezea Chicago Cardinals. Mwaka 1959 Los Angeles Rams, ambayo meneja wake alikuwa Rozelle yuleyule, ilitoa wachezaji wanane na haki moja ya kuchagua mchezaji mpya ili kumpata. Yeye na Marchetti waliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Futiboli ya Kulipwa mwaka 1972, na St. Clair mwaka 1990. Rozelle, kamishna wa NFL kuanzia 1960 hadi 1989, aliingizwa 1985.

Toler aliumia goti mwaka 1952 na hakucheza tena. Akawa mwalimu na mkuu wa shule San Francisco, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika NFL. Alichezesha Super Bowl ya 1980. Alifariki mwaka 2009.

Mwaka 2006 chuo kiliwapa wachezaji wa timu hiyo shahada za heshima. Mwaka 2017 bweni lililokuwa na jina la seneta James Phelan, mpinzani mkali wa wahamiaji kutoka Asia, lilipewa jina la Burl Toler.