Skrubu Iliyodondokea Ndani ya Laptopu

Skrubu yenye kipenyo cha milimita 2 ikimponyoka fundi wakati wa kupuliza vumbi na kutumbukia ndani ya laptopu, haifai kuachwa humo. Betri ikiwa bado imeunganishwa, umeme umo kwenye bodi hata mashine ikiwa imezimwa, na chuma kikigusa nukta mbili zisizopaswa kukutana kinaweza kuiunguza. Kikinasa kwenye feni, joto hupanda. Lazima kitolewe. Katika laptopu nyingine kazi hiyo ni ya dakika chache: betri inachomolewa, mashine inainamishwa, kibano au bisibisi yenye sumaku inamaliza. Katika nyingine, skrubu ikiingia chini ya bodi au kibodi, fundi anakutana na gundi na vichwa vya skrubu ambavyo bisibisi ya kawaida haiviwezi. Tofauti hii haikuletwa na teknolojia peke yake. Sehemu yake kubwa ni maamuzi ya watengenezaji, na maamuzi hayo yana miaka inayojulikana.

Tuanze na ThinkPad, iliyotolewa na IBM mwaka 1992. Kwa miaka mingi betri yake ilitoka kwa kusukuma kitasa tu. Katika matoleo mengi, chini ya mashine, pembeni ya matundu ya skrubu, kulichorwa alama ndogo: hizi zinashika kibodi, hizi zinashika kumbukumbu. IBM, na baadaye Lenovo iliyonunua biashara hiyo mwaka 2005, walitoa kwa umma vitabu vya matengenezo vyenye michoro ya kila hatua na urefu wa kila skrubu. Aliyeandika kitabu kama hicho alijua kwamba siku moja mtu asiye mwajiriwa wa kampuni ataifungua mashine ile, na akamwandalia njia. Hata Apple hawakuwa mbali na desturi hiyo: betri ya MacBook ya mwaka 2006 ilifunguliwa kwa kuzungusha sarafu.

Mlango ulianza kufungwa upesi. Mwaka 2009 betri za MacBook Pro zikawekwa ndani kabisa, na hapo ndipo ikaonekana skrubu ya pembe tano ambayo wauzaji wa bisibisi hawakuwa na ya kuifungulia. Mwaka 2012, katika MacBook Pro ya skrini ya Retina, betri ikagandishwa kwa gundi na kumbukumbu ikalehemewa kwenye bodi. Kisha ikaja kibodi ya MacBook ya mwaka 2015, ambayo kwangu ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Vitufe vyake vilikuwa vyembamba kiasi kwamba punje ya vumbi iliweza kukikwamisha kimoja, na ushauri rasmi wa Apple ulikuwa kuiinamisha mashine kwa nyuzi 75 na kupuliza hewa. Isipotoka, mara nyingi sehemu yote ya juu ilibadilishwa, pamoja na betri iliyogandishwa humo. Juni 2018 kampuni ilianzisha mpango wa kutengeneza kibodi hizo bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Punje ya vumbi!

Wapo watakaosema kwamba wanunuzi wenyewe walitaka wembamba, na wembamba una gharama yake. Ni kweli kwamba kitasa cha betri na kisanduku chake vinakula nafasi. Lakini umbo la kichwa cha skrubu halipunguzi unene hata kidogo, na kitabu cha matengenezo hakikai ndani ya laptopu. Mwaka 2021 kampuni ya Framework ya Marekani ilitoa laptopu yenye unene usiofika milimita 16, nyembamba kuliko MacBook Pro ya Retina ya inchi 13 ya mwaka 2012, na betri yake imeshikwa kwa skrubu. Skrubu tano za kava lake hulegea bila kuchomoka, kwa hiyo haziwezi kudondoka. Wengine watasema betri za lithiamu ni hatari kwa mkono usiofundishwa. Naam, ni hatari. Ikitobolewa huweza kuwaka moto. Lakini hatari hiyo inazidishwa na gundi, kwa kuwa gundi ndiyo inayomlazimu fundi kuichokonoa betri kwa kitu kigumu.

Hata kitabu cha matengenezo, pale kilipokosekana, kilikuja kuandikwa na wateja. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa California, Kyle Wiens na Luke Soules, walitengeneza iBook, laptopu ya Apple, bila mwongozo, wakavunja vishikizo na kupoteza skrubu kadhaa. Wakaanzisha iFixit, ambayo leo inatoa bure miongozo ya maelfu ya vifaa. Sheria nayo imefuata: katika Umoja wa Ulaya, kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vidogo zitatakiwa kuwa za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika hali chache.

Huku kwetu laptopu nyingi hufika zikiwa zimeshatumika Ulaya na Marekani, na uhai wake wa pili uko mikononi mwa mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli, Nairobi. Kwa hiyo anayenunua asiishie kuuliza bei na ukubwa wa kumbukumbu. Aigeuze mashine, atazame skrubu za chini, na amuulize fundi wake kama anaweza kuifungua kabla hajalipa.