Vita vya Sandoa na Sababu za Ushirikiano wa Watafiti

Mnamo Machi 1977 wapiganaji wa chama cha FLNC walivuka mpaka kutoka Angola, wakaiteka miji kadhaa ya magharibi ya Shaba, Sandoa ukiwa mmojawapo. Kiini cha jeshi hilo kilikuwa askari wa zamani wa Katanga ya Moïse Tshombe (1960–1963). Serikali ya Mobutu ilisaidiwa na majeshi ya Moroko, wapiganaji wakarudi Angola. Mei 1978 waliingia Kolwezi.

Makala haya yanaitumia historia hiyo kuuliza: kwa nini watafiti huamua kushirikiana? Yapo madai kwamba hutafuta fedha na sifa. Sababu hizo zipo, lakini hazitoshi.

Askari hao waliwatumikia, kwa nyakati mbalimbali, Tshombe, Wareno na MPLA. Kwa hiyo habari zao zimetawanyika katika nyaraka za Kifaransa, Kireno na Kiingereza, na katika masimulizi ya wazee wanaosema Kiruund, Kichokwe na Kiswahili. Ni vigumu mtu mmoja kuyamudu yote hayo. Erik Kennes alikuwa mjuzi wa siasa za Kongo. Miles Larmer alikuwa mwanahistoria wa wafanyakazi wa migodi na siasa za Zambia. Kitabu chao cha pamoja kuhusu askari hao kilitoka mwaka 2016. Ni dhahiri kwamba mada yenyewe ilidai waandishi zaidi ya mmoja.

Mfano wa pili unatoka Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huo. Johannes Fabian alipoichunguza matini hiyo, kuisoma kimyakimya hakukumtosha. Kalundi Mango, mjuzi wa Kiswahili cha huko, aliisoma kwa sauti, na mengi yakaeleweka; Walter Schicho akaongeza maelezo ya isimu. Kitabu kilichapishwa mwaka 1990.

Hata hivyo, humo Mango ametajwa kuwa msaidizi tu, ilhali sikio na ulimi wake ndivyo vilivyoifungua matini. Hapana shaka kwamba watafiti huungana kwa sababu kila mmoja amepungukiwa na kitu alicho nacho mwenzake. Ikiwa ndivyo, basi msomi wa Sandoa anayezijua lugha za wazee wake anastahili kushirikishwa tangu swali la utafiti linapotungwa, na jina lake liandikwe miongoni mwa waandishi.