Konokono wa Bwana Warington

Mwaka jana nilijinunulia tangi la kioo la lita 40, samaki wa dhahabu wawili na mafungu manne ya mimea ya majini. Baada ya wiki mbili nilibaki na samaki wawili walionenepa na vijiti vinne. Nilipomrudia muuzaji akanishauri niongeze konokono, "wakusafishie maji." Nikaongeza. Basi, hata vijiti vikaisha.

Nilidhani ni mkosi wangu mwenyewe, mpaka niliposoma habari za Robert Warington, mkemia wa London aliyehangaika na watu walewale watatu: samaki, mmea na konokono.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1771 Joseph Priestley aligundua kuwa tawi la mnanaa likifungiwa kwenye chombo ambamo mshumaa umezimika, hewa ile baadaye inaweza kuwasha mshumaa tena. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kuwa mmea haufanyi kazi hiyo bila mwanga. Leo tunasema mmea unatoa oksijeni, samaki anaivuta, na hewa anayotoa samaki inarudi kuulisha mmea. Kwenye karatasi, tangi lisilobadilishwa maji linawezekana kabisa. Ukijaribu nyumbani sasa, ndipo utajua.

Mwaka 1849 Warington alichukua chombo cha kioo cha galoni 12 hivi, akakijaza maji nusu, akaweka mchanga, tope na mawe chini. Akapanda Vallisneria, mmea wa majani marefu membamba kama utepe, kisha akawatia samaki wa dhahabu wawili wadogo. Hakuwa wa kwanza kuwaweka samaki na mmea pamoja. Lakini alikaa akiangalia, na akaandika kilichoharibika. Mambo yalienda vizuri kwa muda, halafu majani ya zamani yakaanza kuoza. Maji yakawa machafu, utelezi wa kijani ukapanda kwenye kioo, na samaki wakawa hatarini.

Hapo ndipo alipowatia konokono watano au sita wa madimbwini, aina ya Lymnaea stagnalis. Wakala majani yaliyooza, wakakwangua ule utelezi, maji yakatakata. Juu ya hayo walitaga mayai mengi, na samaki wakayafanya kitoweo. Mwaka 1850 Warington alichapisha matokeo yake katika jarida la Chemical Society. Kwangu mimi, fundisho kubwa la jaribio lile ni hilo la mlaji wa uozo. Oksijeni ilikuwa inajulikana tayari.

Sasa wakati nao ulikuwa mzuri. Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya vioo mwaka 1845, kwa hiyo vioo vilishuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu matangi. Watu wakapagawa. Kila sebule ya mwenye uwezo ikataka tangi, na wengi wakafuata njia ileile: mmea, samaki, konokono.

Kasoro ikaonekana haraka. Lymnaea stagnalis ni konokono mkubwa mwenye ulimi uliojaa meno madogo madogo, mfano wa tupa ya fundi. Uozo ukipungua, ulimi ule unahamia kwenye jani zima. Ushauri ukaanza kugeukia konokono wa kundi la Planorbis, wale wenye gamba lililojikunja bapa kama kamba iliyozungushwa. Hawa hupendelea utelezi na majani yanayokufa, ingawa wakishikwa na njaa hata jani changa hawaliachi.

Tofauti hiyo kati ya jani na kilicho juu ya jani, samaki wetu wa Ziwa Nyasa wanaijua siku nyingi. Vallisneria inaota humo pia. Yuko samaki aitwaye Hemitilapia oxyrhyncha, ambaye hulalia ubavu, akalikamata jani mdomoni na kukwangua mwani ulioota juu yake. Akimaliza anaondoka, jani liko palepale.

Lakini kabla hujaingia ziwani na ndoo kutafuta mimea ya bure, subiri. Konokono bapa wa kundi lile wana ndugu zao katika maji yetu, Biomphalaria, wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Kinda anayeanguliwa kutoka kwenye yai hana vimelea, na kwa kuwa hakuna anayejisaidia ndani ya tangi lako (natumaini), hatavipata humo. Hatari iko kwa konokono mkubwa aliyekwisha ambukizwa, na zaidi kwako wewe uliyesimama majini miguu mitupu. Tena konokono hawa ni wasafiri. Biomphalaria straminea, mwenyeji wa Amerika Kusini, aligunduliwa Hong Kong mwaka 1974, na inadhaniwa alifika pamoja na mimea ya matangi.

Kwa hiyo siku hizi kila mmea mpya naulaza kwanza kwenye ndoo yake peke yake, wiki tatu au nne, na kila baada ya siku chache nageuza majani kutafuta mayai. Yanafanana na tone la uteute lenye vidoa, na mengi hubandikwa upande wa chini. Naukwangua kwa ukucha, kisha naosha mikono.

Samaki wa dhahabu hawana tiba. Jani laini kwao ni mboga. Niliacha kushindana nao. Nimewafungia Anubias kwenye jiwe kwa uzi, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani magumu kama ngozi. Waliuonja siku mbili, wakautema. Konokono bapa wawili wanapita juu yake usiku, na asubuhi majani yanang'aa.