Reale ya Mombasa: Sarafu ya fedha yenye alama za dini na dola

KATIKA lugha ya Kiswahili, neno fedha lina maana mbili: madini meupe yafuliwayo mapambo, na pesa za matumizi. Maana hizo hazikukutana kwa bahati. Kwa karne nyingi, mwambao wa Afrika Mashariki ulipima thamani ya bidhaa, mahari na madeni kwa uzito wa madini hayo. Sarafu zilizobaki, nyingi zikiwa zimehifadhiwa masandukuni na familia za Mji wa Kale wa Mombasa, sasa zinatafutwa na wakusanyaji wa humu nchini na wa ng'ambo.

Iliyo maarufu zaidi ni reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki Novemba 1780, na tangu wakati huo sarafu yake imeendelea kupigwa ikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Uzito wake ni gramu 28.07, na kati ya hizo gramu 23.39 ni fedha halisi. Zilizosalia ni shaba. Upana wake unakaribia milimita 40.

Alama zilizomo zinaeleza dini na dola iliyoizaa. Upande mmoja malkia amejitanda shela ya ujane, kwani mumewe alifariki mwaka 1765. Upande wa pili yupo tai mwenye vichwa viwili, nembo ya ufalme wa Habsburg, na baada ya mwaka kuna msalaba mdogo wa mshazari uitwao msalaba wa Mtakatifu Andrea. Ukingoni yamechorwa maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma.

Hata hivyo, sarafu hiyo ya Kikristo ilipokewa bila kinyongo na wafanyabiashara Waislamu wa Mombasa, Lamu, Unguja na Maskati. Walichokiamini ni uzito na usafi wa madini yake. Alama za kigeni walizisoma kwa macho yao wenyewe. Sarafu ya Hispania iliyokuwa na nguzo mbili za Herkule waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile zilifanana na mizinga.

Athari ya reale ingali katika mazungumzo ya kila siku. Thumuni ni sehemu moja ya nane. Reale ilikuwa na thamani ya rupia mbili na zaidi kidogo. Rupia ilipoondolewa na nafasi yake kushikwa na shilingi mbili, reale ikawa sawa na takriban shilingi nne. Thumuni yake ikawa senti 50, na jina hilo likabaki hata baada ya reale yenyewe kutoweka sokoni.

Jina la Mwenyezi Mungu juu ya fedha

Kabla ya reale, mwambao ulikuwa na sarafu zake wenyewe. Mwaka 1984, wanaakiolojia waligundua huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu hizo za karne ya 11 ni ndogo mno, na zina majina ya watawala kwa maandishi ya Kiarabu yanayofungamana na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Sarafu nyingine ndogo za fedha zilipatikana Shanga, katika kisiwa cha Pate. Hazina sura ya mtu. Maandishi ndiyo pambo na ndiyo muhuri wa mtawala.

Desturi hiyo ilifuatwa na Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alipoagiza riale yake ya fedha kupigwa nchini Ubelgiji mwaka 1882, sawa na mwaka 1299 Hijria. Badala ya sura yake, iliwekwa jina lake kwa Kiarabu. Ni chache zilizobaki, na wakusanyaji huzigombania.

Mombasa nayo ilipata sarafu yenye jina lake. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilitoa mwaka huo huo rupia ya fedha yenye neno Mombasa, taji, jua linalochomoza na kaulimbiu ya Kiingereza yenye maana ya mwanga na uhuru. Pesa zake za shaba zilikuwa na mizani, ishara ya haki. Sarafu ndogo za fedha zilifuata mwaka 1890. Utawala wa kampuni ulikoma mwaka 1895, na kwa sababu ulidumu muda mfupi, sarafu zake si nyingi.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilifuata mwaka 1921, ikiwa na simba mbele ya milima upande mmoja na mfalme wa Uingereza upande wa pili. Fedha yake ilikuwa robo tu ya uzito, na baada ya 1946 iliondolewa kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu. Sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zikachukua wanyamapori, ijapokuwa hazina fedha ndani yake. Anayetaka fedha safi ya kuweka akiba huenda akakutana na wakia moja yenye ndovu, inayopigwa Ujerumani kwa jina la Somalia tangu 2004 ikiwa na nembo ya taifa hilo.

Mambo ya kuangaliwa

Kosa la kwanza la mkusanyaji mgeni ni kuamini kuwa mwaka 1780 ni ushahidi wa ukale. Reale imepigwa Vienna, Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham, nyingine katikati ya karne ya 20, na Vienna ingali inaipiga. Ipo pia ya bandia. Vipimo vya awali ni mizani, upana, na sumaku, kwa kuwa fedha hainaswi. Maandishi ya ukingoni yawe yameinuka na yasomeke.

Kosa la pili ni kuisugua ing'are. Kusugua huondoa sehemu ya chuma pamoja na rangi ya uzee, na thamani hupungua. Tundu au kikuku cha mkufu pia hupunguza bei, ingawa kwa familia ndicho kinachoonyesha kuwa bibi aliivaa.

La tatu ni zaka. Kiwango cha fedha kinachowajibisha zaka ni dirham 200, ambazo wanazuoni wengi huzikadiria kuwa gramu 595. Kwa hesabu hiyo, mwenye reale 26 amekifikia. Zikitimiza mwaka mikononi mwake, hutoa asilimia 2.5. Hukumu ya zilizogeuzwa mapambo ina maelezo yake, na yafaa aulizwe sheikh. Vilevile, sheria ya Kiislamu hutaka fedha ibadilishwe kwa fedha kwa uzito sawa na mkono kwa mkono.

La nne ni sheria ya nchi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kukipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia ya 1888 iliyotumika Mombasa imo humo.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni kutojua. Sonara hununua kwa gramu, na tanuri halibagui reale ya bibi na bangili iliyovunjika. Nyingine hutupwa pamoja na vyombo vikuukuu wakati nyumba inapohamwa. Kwa miaka mingi taka za kisiwa ziliishia Kibarani, kando ya barabara ya Makupa, hadi jaa hilo lilipofungwa. Anayerithi sanduku la mzee wake na aanze kwa kupima, kupiga picha na kuandika sarafu ilitoka kwa nani. Maandishi hayo ndiyo yanayoipa historia ambayo mizani haiwezi kuionyesha.