Kufunika au Ujirani? Asili ya Istilahi Moja ya Hisabati

Miongoni mwa maneno yanayomtatiza mfasiri wa vitabu vya hisabati ni lile alilolitumia Mmarekani Garrett Birkhoff katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya nadharia ya latisi. Alisema kwamba memba mmoja wa seti iliyopangwa "humfunika" mwingine.

Dhana yenyewe si ngumu. Tuchukue vigawo vya 12, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12, kisha tuseme kwamba namba iko chini ya nyingine ikiwa inaigawanya bila baki. Mpangilio huu huitwa nusu, kwa sababu 4 na 6 hazilinganishiki: hakuna iliyo juu ya mwenzake. Sasa 12 iko juu ya 2, lakini kati yao zimo 4 na 6. Kwa hiyo 12 haiifuniki 2. Inazifunika 4 na 6 tu, ambazo hazitengwi nayo na namba yoyote. Jozi za juu na chini ni 12, nazo huonyeshwa zote kwa mistari 7, maana zilizobaki hupatikana kwa kupanda hatua kwa hatua. Michoro ya namna hiyo imo katika kitabu cha Henri Vogt cha mwaka 1895, ingawa leo yaitwa kwa jina la Mjerumani Helmut Hasse. Majina ya kisayansi aghalabu hayamwendei aliyetangulia.

Shida ya Kiswahili ni hii. Kawa hufunika kila kilichomo sahanini, cha juu na cha chini. Mwanafunzi akiambiwa kwamba 12 haiifuniki 2 atastaajabu, kwani neno lenyewe limemfundisha kinyume. Fauka ya hayo, topolojia inayo "kufunika" yake, ambapo seti kadhaa huienea seti nyingine pasibaki mahali wazi, na huko neno hili lafaa kabisa. Waingereza hutumia neno moja kwa dhana zote mbili, hatulazimiki kuwafuata.

Bernhard Ganter na Rudolf Wille, katika kitabu chao cha Kijerumani cha mwaka 1996, walitumia neno lenye maana ya "jirani". Naona "jirani wa juu" na "jirani wa chini" ndizo istilahi zitufaazo. Pengine itasemwa kwamba ujirani ni wa pande mbili, lakini "wa juu" huondoa utata huo. Mtumishi wa serikali hatapata taabu nazo: wakubwa wake ni wengi, ila anayempelekea taarifa yake ni yule wa karibu. Mwalimu naye ataeleza kwa urahisi kwa nini sehemu, zikipangwa kwa ukubwa, hazichoreki hivyo: kati ya 1/2 na 3/4 ipo 5/8, na kati ya 1/2 na 5/8 ipo nyingine tena, wala hakuna sehemu yenye jirani.