Kuunda Ndege Ndogo Nyumbani: Bolti ya Dukani na Bolti ya Ndege

Ndege ndogo inayouzwa ikiwa vipande ndani ya masanduku, kisha ikaunganishwa na mnunuzi mwenyewe, si jambo geni duniani. Nchini Marekani chama cha waundaji wa ndege za aina hiyo, EAA, kilianzishwa mwaka 1953. Barani Afrika, mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4, wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vyao. Hapa nchini, ndege ndogo za Skyleader zimeunganishwa mjini Morogoro, ingawa hiyo ni kazi ya kampuni, si ya mtu binafsi.

Masanduku hayo hubeba mabati ya aloi ya alumini, mbavu za mabawa na maelfu ya riveti. Injini kwa kawaida huagizwa kando. Inayotumika sana ni Rotax 912 ya Austria, yenye nguvu farasi 80 au 100. Bawa moja la ndege ya watu wawili lina urefu wa takribani mita nne. Sebule ya ghorofa la Kariakoo huweza kulipokea. Ngazi za ghorofa hilo ndizo zitakazokataa kulishusha.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni kipuri kinachopungua. Karibu kila kitu cha chuma hupatikana Kariakoo na Gerezani, na fundi aliyepoteza bolti moja atashawishika kuvuka barabara na kununua nyingine. Bolti mbili huweza kufanana kabisa kwa macho, ilhali moja imetengenezwa kwa kiwango cha ndege na ina hati ya asili yake, na nyingine haijulikani ilikotoka. Wala bolti ngumu zaidi si lazima iwe bora: chuma kigumu kupita kiasi hukatika ghafla pale ambapo chuma kinachofaa kingepinda kwanza. Gari likikatika bolti husimama kando ya barabara. Ndege haina kando.

Usalama wa usafiri wa anga nchini, Zanzibar ikiwemo, husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ndege husajiliwa kwa alama zinazoanza na 5H, na haipaswi kuruka bila idhini inayothibitisha kuwa inafaa kuruka. Mwananchi mwenye nia hiyo anashauriwa kufika TCAA kabla ya kulipia masanduku, si baada ya kupaka rangi. Bawa likishafungwa, mkaguzi haoni tena riveti za ndani. Hivyo picha, stakabadhi na kumbukumbu za kila hatua zina thamani sawa na kazi yenyewe.

Ndege isiyo na cheti kamili cha kimataifa huhitaji pia kibali maalumu cha kila nchi inayopita.

Majaribio ya angani nayo yana mahali pake. Marekani hutaka saa 25 hadi 40 za kuruka bila abiria, mbali na makazi yenye msongamano. Kwa mkazi wa Kariakoo, maana yake ni kusafirisha ndege kwa lori, mabawa yakiwa yamefunguliwa, hadi kwenye uwanja ulioidhinishwa.