Neno Lililofunga Mlango: Habari za Kinga Iliyougeukia Mwili

Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Matabibu wa Ulaya walichelewa kuukubali ukweli huu kwa karibu nusu karne, na sababu moja ilikuwa neno.

Mwaka 1901 Paul Ehrlich alieleza kwamba mbuzi waliodungwa damu ya mbuzi wengine walitoa kingamwili za kuiharibu damu hiyo, wala si damu yao wenyewe. Hali hiyo aliiita kwa Kilatini "horror autotoxicus", yaani hofu ya mwili kujitilia sumu. Ehrlich alimaanisha kizuizi. Wengi waliomfuata walisoma muhali. Mwaka 1904 Donath na Landsteiner, huko Vienna, walionyesha kingamwili ishikayo chembe nyekundu za mgonjwa mwenyewe katika baridi na kuzipasua zipatapo joto. Ugonjwa huo, ambao siku hizi huonekana zaidi kwa watoto wadogo, ulihesabiwa kuwa kioja tu.

Watoto wachanga walisaidia kuufungua mlango. Mama aliyepungukiwa na chembe zigandishazo damu aliweza kuzaa mtoto mwenye upungufu ule ule, nao ukatoweka baada ya majuma machache. Basi kiharibifu kilitoka kwa mama. Mwaka 1950, huko St. Louis, Marekani, William Harrington alijitia damu ya mgonjwa wa namna hiyo. Kwa saa chache chembe zake zikapungua mno.

Jina la lupasi nalo, litokalo katika neno la Kilatini la mbwamwitu, lilielekeza macho kwenye vidonda vya uso. Kumbe kwa watoto wengine maradhi ya damu hutangulia lupasi kwa miaka. Mwaka 2022 watafiti walieleza habari za msichana aliyeugua lupasi kwa badiliko la herufi moja katika jeni ya TLR7. Panya waliotiwa badiliko hilo waliugua vivyo hivyo.

Nasi tuundao istilahi tujihadhari. Neno Ukimwi limetuzoeza kusikia "kinga" na kufikiri upungufu. Mzazi aambiwapo kwamba mwanawe ana ugonjwa wa kinga, yamkini atashikwa na hofu isiyo yake, au atamtafutia dawa ya kuiongeza kinga ile ile inayomdhuru. Afadhali tuseme "kinga iliyogeuka": hapo neno laonyesha kwamba mlinzi yupo, ana nguvu, ila amewakosea wenyeji akidhani ni wezi.